Fundi ameniambia chenso ya marehemu baba ikapimwe kwa kilo

Mchana Mbao
Wakuu, nawasalimu wote, na wanaostahili shikamoo waipokee. Naandika mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira. Sitamtaja jina, kwa kuwa hapa Mafinga hakuna mwenye chenso, yaani msumeno wa injini, asiyemjua.

Nilimpelekea chenso aina ya Stihl 070 aliyoniachia marehemu baba. Ilikuwa ikiwaka vizuri, inachana kwa dakika nne au tano, kisha inafifia na kuzima, na haikubali kuwaka tena mpaka uiache ipumzike. Alikaa nayo siku tisa, akapokea shilingi 35,000 za kufungua na kuosha kabureta. Leo asubuhi, mbele ya wateja sita na kijana wa mama ntilie aliyefuata sahani zake, alivuta kamba mara mbili tu, akafuta mikono, akasema: "Mzee, hiki si chombo tena. Wapelekee wanunuzi wa vyuma chakavu wakakupimie kwa kilo."

Kwa kilo! Mashine iliyosomesha wadogo zangu wanne, iliyoangusha mipaini mingi kuliko nywele za kichwa chake!

Nilipofika nyumbani niliifungua mwenyewe. Utomvu na vumbi la mbao vilikuwa vimegandamana juu ya skrubu za kabureta kama nilivyoviacha, maana yake bisibisi haikugusa hapo hata siku moja. Nikachovya vidole kwenye petroli aliyonijazia na kuisugua: ilikauka papo hapo bila utelezi wowote. Hakuweka oili hata tone, na injini ya namna hii haina oili nyingine ya kulainisha pistoni isipokuwa ile iliyomo ndani ya petroli.

Nikaimwaga, nikaweka mchanganyiko wangu, nikakausha plagi iliyokuwa imelowa, nikaiwasha. Ilipoanza kufifia nililegeza mfuniko wa tanki kidogo. Ikavuta hewa, "psss", na mlio ukapanda tena. Kumbe tundu la kupumulia la mfuniko, dogo kuliko kichwa cha pini, lilikuwa limezibwa na vumbi, na tanki likikosa hewa petroli haifiki kwenye kabureta. Nilililainisha kwa petroli, nikalipuliza, na sasa chenso inanguruma. Siku tisa, shilingi 35,000, halafu ananiambia ikapimwe kwa kilo, mbele ya watu!

Mwana Mufindi
Pole sana, mkuu. Mimi alinirudishia mashine ikiwa na plagi kuukuu ambayo si yangu, na nilipouliza alisema plagi zote hufanana. Huyo hastahili kushika hata pampu ya baiskeli.

Shoka Butu
Ndugu Mchana Mbao, mwaka jana ni wewe uliyetuandikia humu kwamba fundi huyo ni dhahabu, na mimi nikampelekea mashine yangu kwa neno lako. Nani atanirudishia fedha zangu? Tena tundu la mfuniko ndilo la kwanza kutazamwa. Mtu aliyekulia kwenye chenso alipaswa kulijua kabla ya kutoa shilingi 35,000.

Mchana Mbao
Ni kweli nilimsifu, na nakuomba radhi, kaka. Lakini mtu anaweza kukosea tundu. Kuniambia chombo cha baba yangu kikapimwe kwa kilo, kijana wa sahani akisikia, hilo si kosa la ufundi.

Bibi Milingoti
Umetumia kipimo gani cha oili? Ile ya kawaida ya injini za mipigo miwili ni 1:25, yaani mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Kuna inayoruhusu 1:50, lakini ni pale tu chupa yenyewe inaposema hivyo. Wapo wanaotia oili ya gari, kisha wanashangaa moshi na plagi nyeusi.

Shoka Butu
Mama, 1:25 kwa kila oili ni kuiziba ekzosi bure. Mimi natumia 1:50 na sijawahi kubadilisha ringi za pistoni.

Bibi Milingoti
Utazibadilisha. Soma chupa, mwanangu.

Dereva Mstaafu
Mnagombania oili wakati petroli yenyewe ndiyo tatizo. Nawachukia wanaotuuzia petroli ya chupa za maji barabarani, iliyochanganywa na mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010, lakini nani atapima vinasaba kwenye chupa ya nusu lita? Jenereta yangu haijawaka tangu Jumapili.

Mwana Mufindi
Afadhali jenereta, mzee wangu. Mimi ni pampu ya kumwagilia, na nyanya zinakauka. Inawaka nikifunga choki, ile ya kuzuia hewa kwenye kabureta, nikiifungua inazima.

Bibi Milingoti
Hapo injini inapata petroli kidogo. Fungua kikombe cha chini cha kabureta, utazame kama kuna maji au uchafu, kisha usafishe jeti yake, kile kitundu cha kupitishia petroli. Petroli hiyo imekaa tankini muda gani?

Mwana Mufindi
Tangu mwezi wa tatu, mama.