Pesa za kikundi cha nyumbani: tuziweke kwenye wakfu wa jamii ama tuendelee kugawa wenyewe?

mwana_ganda
Salaam wandugu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Tuko kikundi cha watu wa upande wa Malindi, wengine tuko Mombasa, wengine Nairobi, wengine Doha na Jeddah, tunachanga kila mwezi kwa Mpesa kila mtu kwa uwezo wake. Tulianza na karo za watoto wa kijijini, tukaongeza chakula cha Ramadhani na cha Krismasi maana tumechanganyika, na mgonjwa akitokea tunamshika mkono. Sasa pesa imekua na maneno nayo yamekua, mbona mtoto wa fulani kapata na wetu kaachwa, mweka hazina anapigiwa simu usiku na mashangazi, na kuna mwanasiasa anataka kuja siku ya kugawa na fulana zake na wapiga picha. Mwenzetu mmoja wa Nairobi anasema tufungue mfuko ndani ya wakfu wa jamii, hela ikae huko kihalali, sisi tubaki kuamua inasaidia nini. Nusu ya kikundi hawataki kusikia, wanasema ni kuwapa watu wa ofisi jasho letu. Kuna mtu anajua hizi taasisi zinafanyaje kazi hasa? Na zina tofauti gani na NGO za kawaida?

fundi_hesabu
Kaka, mimi nakagua hesabu za vikundi na mashirika madogo kwa hivyo nikujibu kutoka upande huo. NGO ya kawaida huwa na kazi yake yenyewe, tuseme maji ama afya ya mama, inatafuta wafadhili wa hiyo kazi na mradi ukiisha wanafunga ofisi. Wakfu wa jamii kazi yake ni kukusanya na kutunza pesa za watu wengi kwa ajili ya sehemu fulani, halafu unatoa ruzuku kwa vikundi vya hapo hapo. Mkubwa kwetu Kenya ni KCDF (Kenya Community Development Foundation), ulianza 1997, mwanzoni ulishikwa mkono na Ford Foundation na Aga Khan Foundation, lakini wazo lake ni Wakenya wachange wenyewe wasingoje mzungu. Hao hupokea mifuko ya vikundi na familia, na kuna wakati kikundi kikichanga nao wanaongezea juu. Halafu kuna midogo ya mtaa, Kilimani pale Nairobi wana wakfu wao wa mtaa.

Sasa utaratibu. Mnaandikiana mkataba, mfuko unapewa jina lenu, mnaandika madhumuni na nani anachagua wanufaika. Mnaweza kuchagua mfuko wa kutumia, yaani pesa inaingia na inatoka mwaka huo huo, ama mfuko wa kudumu ambao mtaji hauguswi, unawekezwa kwenye bondi za serikali ama majengo ya kukodisha na mnatumia faida peke yake. Hapa ndipo watu hudanganyana. Tuseme mmeweka milioni 1 na faida ni asilimia 10, hiyo ni laki moja kwa mwaka, toa gharama za uendeshaji, toa ya kurudisha kwenye mtaji ili bei za vitu zisiule, mnabaki na kama 60,000 ama 70,000. Karo ya bweni ya shule ya kitaifa serikali imeiweka 53,554, zile zingine 40,535. Kwa hivyo milioni yenu nzima inasomesha mtoto mmoja, na huyo mmoja kila mwaka bila kukoma hata nyinyi mkizeeka. Mkiigawa yote mwaka huu mnasomesha kama ishirini hivi, mwakani hamna kitu. Zote mbili ni halali lakini muamue mkijua, msije mkaahidi kijiji mambo ya watoto ishirini na mtaji mmeufungia.

Ningekuwa mimi ningegawanya pesa mara mbili, sehemu iende moja kwa moja kwa karo za sasa na sehemu ndogo ikue.

dada_kisauni
Mie nashangaa watu wanasema hili ni jambo la wazungu. Huku pwani babu zetu walikuwa wanaweka wakfu, yaani wanaacha nyumba, shamba la minazi, kodi yake iende kwa msikiti, kwa mayatima, kwa kisima, hairithiwi haiuzwi, na kuna msimamizi ambaye lazima atoe hesabu. Mji wa Kale nyumba za wakfu bado ziko na Tume ya Wakfu iko Mombasa toka enzi za mkoloni. Na Wakfu haukuanguka sababu mpango ni mbaya, ulipoanguka ilikuwa msimamizi kakaa na mali peke yake, hakuna wa kumuuliza, kodi ya nyumba imebaki ile ile ya zamani na mayatima hawaoni kitu.

Na Wamarekani walipoanzisha wakfu wa jamii nao walianzia kwenye shida ya mali kukwama. Cleveland mwaka 1914, kulikuwa na mtu wa benki anaitwa Frederick Goff, aliona matajiri wamekufa wameacha wosia pesa zitumike kwa jambo fulani, miaka imepita lile jambo halipo tena na pesa imekwama benki kisheria. Akafanya mfuko mmoja wa mji, benki inatunza mali lakini kamati ya wananchi ndiyo inaamua itumikeje kulingana na shida za wakati huo. Kwa hivyo mkiandika mkataba msijifunge mno. Mkiandika "karo ya sekondari tu" na kesho serikali ikalipa yote, mtafanyaje? Andikeni elimu ya watoto wa sehemu yenu, na mweke njia ya kubadilisha.

mwl_bahari
Nimefundisha sekondari huku Kilifi miaka mingi na hii ishu ya basari naijua kwa uchungu. Wakfu wa jamii sawa, lakini ofisi ya Nairobi haiwezi kujua nani anahitaji. Mimi ndiye ninayejua mtoto fulani anakuja shule bila kula, na kwamba yule mwingine ambaye fomu yake imeandikwa vizuri babake ana boti mbili. Tena kuna basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kuna ya kaunti, kuna ya kampuni na kanisa, mtoto mwenye mzazi mchangamfu anapata tatu, wa mama asiyejua kusoma fomu hapati hata moja. Hakuna anayelinganisha orodha. Kama wakfu unaweza kukaa na mwalimu mkuu, na wa ofisi ya wadi, na mzee wa nyumba kumi, wakalinganisha majina kabla ya kulipa, hapo nitauunga mkono kwa mikono miwili. Pesa ilipwe kwa akaunti ya shule na mzazi aonyeshwe risiti. Na karo siyo kila kitu jamani, mtoto amelipiwa karo anarudi nyumbani sababu hana sare, wasichana wanakosa shule kwa kukosa sodo, hivyo vitu havimo kwenye fomu yoyote.

Lingine, acheni kupanga watoto mstari wapigwe picha na unga. Mtoto wa darasa la saba anaanza kuwa mtu mzima, wenzake wanamuona kwenye WhatsApp, wanamwita masikini mwaka mzima. Nimeona wakikataa msaada kwa ajili ya hilo.

mkazi_watamu
Niongeze kidogo. Huku kwetu watalii na watu wa nje wanapenda sana kupeleka misaada nyumba za watoto, na watoto wengi mle wana wazazi ama nyanya, wamepelekwa sababu ya umasikini. Serikali ilisimamisha kusajili nyumba mpya 2017 na 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kurudisha watoto kwenye familia. Kikundi chenu kikiwa na pesa, msaidieni nyanya amlee mjukuu nyumbani, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha. Hili peke yake latosha kunifanya nipende taasisi ya hapa hapa, mtu wa mbali anaona jengo lina watoto anatoa, mtu wa hapa anajua mama yake yuko wapi.

mwana_ganda
Asanteni sana, kwa kweli nimefunguka macho. Nimetuma haya yote kwenye grupu letu na wale waliokataa wameanza kuuliza maswali badala ya kukataa. Fundi, tukienda kuonana na hao watu wa wakfu tuwaulize nini? Na mwalimu, kama tukiunda kamati ya kijijini ya kuchagua, wasiwe ndugu zetu wote?

fundi_hesabu
Ulizeni kwanza hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita, wakizungukazunguka ondokeni. Kisha wanakata asilimia ngapi ya kuendesha na wanakata wapi, kwa mtaji ama kwa faida, maana hilo linabadilisha kila kitu. Bodi ni akina nani na wanakaa muda gani. Mkitaka kutoka mnatokaje, kuna mifuko ya kudumu huwezi kutoa tena mtaji na hilo ni sawa lakini mjue kabla ya kutia sahihi. Muulize pia kama wana cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA, mamlaka ya ushuru, wenzenu wenye biashara huenda wakapata nafuu kwa walichotoa. Na usajili wao, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 ikaanza kutumika 2024, kwa hivyo ulizeni kama wameshahamia huko.

Kama kikundi chenyewe hamjasajiliwa jisajilini kaunti chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, siyo kazi ngumu.

mwl_bahari
Kamati msiweke ndugu tupu. Mwalimu mmoja, mtu wa dini wa kila upande, mama mmoja anayeheshimika, kijana mmoja, na wawili wenu. Yeyote ambaye mtoto wake ama wa dadake ameomba, atoke nje siku hiyo jina likijadiliwa na iandikwe kwamba alitoka. Orodha ya vigezo ibandikwe kwa chifu na shuleni, vigezo lakini, siyo majina ya watoto. Hapo mashangazi wakipiga simu mweka hazina ana la kuwajibu.

dada_kisauni
Na huyo mwanasiasa jamani? Uchaguzi wa 2027 ni kesho. Mnajua harambee ilivyotekwa na hawa watu, hadi 2024 baada ya maandamano rais mwenyewe akasema maafisa wa serikali wasishiriki. Ilhali watu wa kawaida wanaweza, 2011 wakati wa ukame Kenyans for Kenya walilenga kukusanya shilingi milioni 500 ndani ya mwezi mmoja na zikapita, watu wakitoa hata shilingi kumi.

mwana_ganda
Hilo tumeshaamua jana usiku. Tumemwambia alipe kwa nambari ya kikundi kama sisi wengine, na jina lake litatoka kwenye ripoti ya mwaka pamoja na ya kila aliyechanga, kwa mpangilio wa alfabeti. Siku ya kugawa haitakuwepo tena, shule zitalipwa moja kwa moja. Bado hajajibu. Wiki ijayo watatu wetu wanaenda kuonana na watu wa wakfu, nitaleta majibu hapa.