Re: Apu za usafiri na kuzoea njia za mji mgeni

Dada, karibu sana huku na pole kwa kupotea siku ya kwanza, hakuna ambaye hakupitia hayo. Umeuliza apu zipi zinasaidia kuzoea njia, mi natumia Google Maps, na Citymapper, apu ya kupanga safari za mabasi na treni, kama mji uliopo umo maana si miji yote imo, halafu Organic Maps kwa ajili ya kutembea kwa miguu, hiyo ramani unaishusha ukiwa na waifai na inafanya kazi hata bando likikata, na kwa sababu inatumia ramani za OpenStreetMap zinazochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004 utakuta mpaka vichochoro na ngazi vimo.

Kinachowaumiza wageni zaidi ni malipo. Ukiingia kwa kugusisha simu kwenye mashine ya nauli, utoke kwa simu hiyohiyo, usichomoe kadi ya benki hata kama zote zinakata akaunti moja. London kwa mfano mfumo unaona watu wawili, mmoja kaingia hajatoka, mwingine katoka hajaingia, na wote wanakatwa nauli ya juu. Na mabasi ya pale hayapokei pesa taslimu tangu 2014, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji. Berlin nako hakuna mageti kabisa, unaweza kudhani ni bure, kumbe tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye mashine kabla hujapanda treni na mkaguzi anaweza kuwa kakaa pembeni yako na nguo za kawaida. Bure kweli ni Luxembourg, tangu 2020, nchi nzima, ukiacha daraja la kwanza kwenye treni.

Saa ya basi la mwisho ipige picha ya skrini mapema kabla hujatoka nyumbani.

Lakini dada nakuomba sana, wiki za mwanzo panda basi kuliko treni ya chini, tena mchana. Chini ya ardhi utajua majina ya stesheni tu, hutajua kipi kiko jirani na kipi. Kwenda kwenye kazi yangu ya kwanza apu ilikuwa inanipa treni ya dakika 25, mi nikachagua basi la dakika 50 na baada ya mwezi nilikuwa naujua mji bila kutoa simu mfukoni. Na kituoni kila asubuhi kulikuwa na bibi mmoja, lugha yake siijui na yangu haijui, tunasalimiana kwa kichwa basi, siku moja ya baridi kali akaniona nimekunja mikono kwapani, kesho yake akaja na glavu za sufu akanivalisha mwenyewe kama mtoto wake mdogo, basi likaja tukapanda kimya. Miaka imepita nimehama mji ule lakini glavu ninazo mpaka leo.

-----

Asante sana kaka, kumbe nilivyokatwa hela mara mbili ni hiyo ya simu na kadi, nilikuwa nimeshaanza kuilaumu benki yangu. Jumamosi sina kazi, nitapanda basi langu toka mwanzo wa njia mpaka mwisho nikae dirishani. Sema unadhani ni bora nigeuze na lilelile au nirudi na njia nyingine?

-----

Rudi na njia nyingine dada, na ukiona soko au bustani, shuka.