Kumpiga picha mchoraji kazini na kwenye maonyesho: mwanga na ruhusa

Mkazi wa Kirumba
Wakuu, salaam. Mchoraji mmoja wa tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa, hapa Mwanza ameniomba nimtengenezee filamu fupi na picha, kuanzia anapochora barazani kwake hadi kazi zitakapotundikwa ukumbini. Rangi zake zinang'aa mno, na baraza inatazama ziwa, kwa hiyo nikielekeza kamera kwenye mchoro naona mawingu badala ya rangi. Ukumbini nako taa zinaleta mistari inayotembea kwenye video. Nifanyeje? Na je, ruhusa ya mdomo inatosha?

Fundi Lenzi
Ndugu, mng'ao huo ni wa asili ya tingatinga, kwani tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hadibodi na rangi za kung'aa ndizo zilizotumika. Kwa picha za kumbukumbu, yaani za kuonyesha mchoro wenyewe ulivyo, simamisha ubao kivulini, weka taa mbili zenye nguvu sawa, moja kila upande, zikimulika kwa nyuzi 45, na kamera ikae katikati. Nyuma ya kamera tundika shuka jeusi, kwa sababu kinachoonekana kwenye rangi ni kile kilichoukabili ubao, pamoja na shati lako jeupe.

Mistari ya video inatokana na umeme wetu wa hezi 50, unaozifanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde. Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, na mara nyingi itapotea. Hata hivyo, ningekuwa wewe ningepiga michoro yote kabla haijatundikwa, ukumbini nikashughulika na watu.

Binti wa Ilemela
Nakubali kwa picha za kumbukumbu, lakini kwenye filamu usiufute mng'ao wote. Rangi nzito huacha ukingo mdogo ulioinuka kuzunguka kila doa la chui aliyechorwa, na mwanga wa pembeni ndio unaouonyesha. Mwache achore bila kumsemesha. Mahojiano yafanyike baadaye, ndani, maana upepo wa ziwa huvuma moja kwa moja kwenye maikrofoni. Filamu za wachoraji zenye maneno mengi bila mikono zimetuchosha.

Wakili Mstaafu
Ruhusa iandikwe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, anayenunua mchoro hapati kwa ununuzi huo peke yake haki ya kuunakili, hivyo hata kazi iliyokwisha kuuzwa inahitaji idhini ya mchoraji. Karatasi moja inatosha: picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na nani ataruhusiwa kuzichapa kwenye fulana na kalenda. Hilo la fulana ndilo linalogombanisha watu. Wageni wa maonyesho wawekewe tangazo mlangoni kwamba kunapigwa picha.

Mkazi wa Kirumba
Ahsanteni sana. Barazani nianze saa ngapi?

Fundi Lenzi
Kwa kuwa ziwa kwenu liko magharibi, anza saa moja asubuhi, nyumba ikiwa bado inaikinga baraza na jua, na umalize kabla ya saa sita.