Gemu za ekshen za kushusha kwenye Switch ambazo watu wanazipita: Huntdown, Broforce, Blazing Chrome au Fight'N Rage?

mwana_ujiji
Wadau habari za jioni. Nina Switch ya kawaida, konsoli ya Nintendo ile ya kuchomoa pedi pembeni, na akaunti yangu ya Marekani imebaki na salio la kununua gemu moja kwa bei kamili au mbili zikiwa kwenye punguzo. Zelda na Mario naziheshimu ila zinaongelewa kila siku, mi nataka hizi za ekshen za kushusha eShop, duka la mtandaoni la Nintendo, ambazo watu wanazipita tu. Mwezi ujao napanda treni Kigoma kwenda Dar na huko njiani mtandao ni wa kubahatisha so lazima icheze bila bando, halafu nikirudi home kuna mdogo wangu yuko darasa la tano naye anataka kushika pedi. Nimechuja nimebaki na hizo nne. Mlizocheza semeni ukweli maana ukishalipa eShop hela hairudi.

isevya_pixel
Chukua Huntdown mkuu. Ni ya Easy Trigger, jamaa wa Sweden, ilitoka 2020 na mpaka leo nashangaa kwa nini hapa Tabora nikiitaja hakuna anayeijua. Unachagua mmoja kati ya wawindaji watatu, Anna Conda, John Sawyer au Mow Man ambaye ni roboti, hatua ziko 20 na kila hatua inaishia kwa bosi, na hao mabosi ndo utamu wenyewe, kila mmoja ana namna yake ya kupigana inabidi umsome kwanza, ukifa unajua kabisa umefia wapi. Halafu kuna kujibana, unaingia mlangoni au unachuchumaa nyuma ya boksi risasi zinapita unatoka unajibu, kwa hiyo si kukimbia na kufyatua tu, unafikiria. Michoro ya pixel imechorwa kwa upendo sana na kwenye skrini ndogo bado unaona risasi inatokea wapi, hilo gemu nyingi zinashindwa.

kaliua_88
Nakupinga kwa heshima kaka. Huntdown nzuri ila mtu aliyekulia gemu za zamani za Contra za kaseti moyo wake utaenda Blazing Chrome. JoyMasher wa Brazil, 2019. Ukiguswa mara moja umekufa, hakuna mstari wa damu hakuna kujificha, ni mikono yako na macho yako. Wanasema fupi, ni kweli ukishaizoea unaimaliza jioni moja, lakini ukimaliza unafunguliwa wahusika wengine wawili, Raijin na Suhaila, ambao wanapigana kwa karibu na hapo zile hatua ulizozikariri zinakuwa kitu kingine kabisa. Kwa treni hii ndo yenyewe, unacheza unaweka unalala unaamka unaendelea.

mwana_ujiji
@kaliua_88 na mtoto wa darasa la tano ataiweza hiyo ya kuguswa mara moja?

kaliua_88
Hapana. Kwa mtoto hapana, atalia.

dada_gungu
Naomba niongee kama mtu mwenye watoto nyumbani. Kwa huyo mdogo wako, mwanangu, hizi zote ni za risasi na ngumi lakini hazilingani. Huntdown damu inaruka kweli na matusi yamo kwenye maongezi, cheza wewe usiku. Fight'N Rage ukiangalia mchezo wenyewe ni kazi ya kushangaza, sehemu kubwa kaifanya mtu mmoja wa Uruguay, Sebastián García, wanacheza mpaka watatu kwenye konsoli moja na njia zinagawanyika gawanyika kwa hiyo miisho ni mingi sana, na ukibonyeza kuelekea kwa adui wakati ngumi inakuja unaizuia, ukilijua hilo huachi pedi. Lakini wanawake wamechorwa nusu uchi. Mimi siwashi sebuleni. Broforce ina damu pia ila ni vikatuni vidogo na fujo yake ni ya kuchekesha, wanangu walicheza nikiwa nimekaa pembeni.

katonga_jr
Asante dada umenisaidia kusema. BROFORCE. Tena hii imetengenezwa Cape Town na Free Lives, Afrika hapa hapa, na bado watu wanadhani ni ya Wamarekani kwa sababu ya bendera zile na wale mashujaa wa muvi wanaoigizwa. Ardhi yote inavunjika, unachimba chini ya adui, unalipua daraja wanaanguka wote. Kila mateka unayemwokoa unabadilika kuwa shujaa mwingine mwenye silaha nyingine na unaongezewa uhai, kwa hiyo hata mtu asiyejua anapata raha. Mnacheza mpaka wanne konsoli moja. Lawama yangu moja tu, mkiwa wengi na milipuko ikijaa skrini Switch inakwama kidogo. Bei kamili dola 14.99, Huntdown 19.99, ila zote huwa zinashushwa, ziweke kwenye wish list uvizie.

isevya_pixel
Sawa kwa mtoto nakubali. Ila kwenye treni ukiwa peke yako Broforce inachosha baada ya muda, Huntdown haichoshi, hapo sisogei.

kaliua_88
Kama chenji ikibaki ongeza Gunman Clive HD Collection, ni mbili kwa moja, fupi, bei chee, zimechorwa kama penseli. Zilitoka pia 3DS, konsoli ya zamani ya mkononi ya Nintendo, na kule eShop ilishafungwa kununua tangu Machi 2023, so Switch ndo pa kuipata kirahisi.

mwana_ujiji
Basi nasubiri punguzo nichukue Huntdown ya safari na Broforce ya mimi na dogo. Vipi kuhusu chaji na kucheza bila mtandao?

katonga_jr
Kabla hujatoka nyumbani weka airplane mode ufungue kila gemu uone inawaka, hasa kama akaunti yako iko kwenye konsoli mbili. Chaji inategemea, Switch ya mwanzo ya 2017 Nintendo wanasema saa 2.5 mpaka 6.5, ile iliyoboreshwa 2019 saa 4.5 mpaka 9, angalia namba ya modeli kwa nyuma, ikiwa HAC-001(-01) ndo hiyo mpya. Ikiwa ya zamani beba power bank yenye USB-C. Na kama unafikiria kuhamisha akaunti nchi nyingine maliza salio kwanza, likiwepo hawakuruhusu.

dada_gungu
Na earphone mwanangu, behewa lina watu wamelala.