Wajumbe wa BOM (bodi ya usimamizi wa shule): tuwapigie kura au waendelee kupangwa?

Mzazi_Manyatta: Marekani wajumbe wengi wa bodi za shule wanapigiwa kura kama madiwani. Hapa Kisumu unaitwa mkutano, majina yako tayari kwenye karatasi, unapiga makofi unaenda. Na ile sheria ya elimu ya 2013 inasema wazazi sita kwenye BOM WACHAGULIWE. Nani hapa amewahi kupiga hiyo kura?

Mwl_Njoro: Kwetu ilipigwa. Shida ni wazazi wanaokuja kwa ajili ya soda na mkate. Ukianza kusoma hesabu za shule wanasinzia.

Nyar_Kondele: Mwalimu chunga mdomo. Nilifunga kibanda cha samaki siku nzima kwa mkutano wa saa tatu ulioanza saa sita. Hiyo soda mlimpa nani?

Kijana_Bahati: Sisi ilikuwa mandazi. Nusu 😂

Mwl_Njoro: Sikusema wote. TSC, tume ya serikali ya walimu, isipoleta walimu, wale wanaoajiriwa na BOM wanalipwa na nani? Mkichagua mtu kwa sababu anajua kelele, hao walimu ndio wanalala njaa.

Nyar_Kondele: Kwa hivyo sasa mimi ni kelele.

Mzee_Rhonda: Wazazi sita, mfadhili, yaani kanisa, watatu, na bado hao watatu ndio wanaamua. Nyinyi mnapigania soda.

Katekista: Mzee, kanisa ndilo lilitoa ardhi. Wewe ulitoa nini?

Mzee_Rhonda: Lori mbili za mawe, wakati wa harambee. Jiwe la msingi likaandikwa jina la padre.

Katekista: Sasa ulitaka liandikwe jina la lori?

Kijana_Bahati: 😂😂 Mzee amemalizwa

Mzee_Rhonda: Kijana, wewe karo yako nani alilipa? Nyamaza.

Mzazi_Manyatta: Jamani, niliuliza kura.

Karani_Mstaafu: Hata mkipiga, majina yanapelekwa kwa bodi ya elimu ya kaunti, nayo ndiyo inateua. Na katibu wa BOM ni mwalimu mkuu mwenyewe. Ulizeni hapo kwanza.

Kijana_Bahati: Na huko Marekani si ndiko wanarushiana matusi mkutanoni juu ya vitabu vya maktaba?

Nyar_Kondele: Afadhali wao wana maktaba. Mwalimu, bado nakungoja na ile soda.

Mwl_Njoro: Mama, tuma namba nikununulie kreti nzima tuendelee na mjadala.

Nyar_Kondele: Pesa za BOM hizo?