Mguu wa Alpha One wa zamani, oili ya gia nyeupe: utengenezwe au ung'olewe?

Toten_19
Wakuu, naomba msaada. Boti ya faiba futi 19, mashine ya ndani MerCruiser 3.0 ya 1989 na mguu wake wa Alpha One (kipande cha gia na propela kinachokaa nje, nyuma ya boti), inaelea muda wote hapa Tanga upande wa Ras Kazone. Oili ya gia imetoka nyeupe kama maziwa, yaani imeingiwa na maji, ila haina chembe za chuma. Usukani ukikatwa kuna mngurumo tezini (nyuma ya boti), ukinyooshwa unatulia. Gia ikitolewa, mashine inazima. Nimeshauriwa nitupe mguu wote nifunge autobodi (mashine ya kuning'inia nje). Kweli ndiyo basi tena?

FundiMguu
Usitupe kitu mkuu. Hizo ni hitilafu tatu, kila moja ina njia yake.

Anza na mngurumo. Unaokuja kwa kukata usukani ni beringi ya gimbali (inayoshika shafti pale mguu unapogeukia) au kros (kiungo cha shafti kinachopinda), na mara nyingi chanzo ni mpira wa mikunjo unaofunika kros: umepasuka, maji ya chumvi yameingia. Ukichanika zaidi, maji yanapita kwenye beringi hadi ngamani (chini ndani ya boti), na boti inazama ikiwa imefungwa kwenye boya, hakuna mtu. Kwa hiyo ipandishe nchi kavu kwanza, mengine baadaye.

Kuvua: tia gia ya mbele, maana bila hivyo Alpha haitoki wala hairudi. Fungua silinda za kunyanyulia, toa nati 6, watu wawili wavute moja kwa moja nyuma. Meno ya shafti yakiwa yameshika kutu, vumilia na oili ya kupenya. Nyundo kwenye alumini hapana. Ingiza kidole kwenye beringi uzungushe. Ikikwaruza hata kidogo, toa. Kros zikunje pande zote. Yenye kugota au kuchezacheza haifai.

Mipira badilisha yote mitatu kwa pamoja: wa kros, wa egzosi na wa kebo ya gia. Weka na kebo mpya, kwa sababu ndiyo inayokuzimia mashine. Alpha ina swichi inayokata moto kwa nukta moja ili gia ichomoke kirahisi; kebo ikiwa nzito, swichi inabaki imebanwa na mashine inakufa.

Beringi mpya ina tundu la grisi. Lisipokutana na njia ya grisi kwenye nyumba yake, utapiga grisi miaka yote na haifiki. Kisha chukua chuma cha kulinganishia: kiingie mpaka ndani ya kapla (kiungo cha shafti nyuma ya mashine) kwa vidole viwili tu. Kikigoma, pandisha au shusha mashine kwenye maunti (miguu ya kukalia mashine) za mbele mpaka kiteleze. Wengi wanaruka hatua hii, halafu meno ya kapla yanasagika. Kurudisha, paka grisi meno ya shafti, nati kaza kwa kupishanisha hadi futi-pauni 50.

Bamvua_Kubwa
Kuhusu oili nyeupe: kabla ya kununua sili (pete ya mpira ya kuzuia maji) yoyote, chomoa propela utazame nyuma ya washa (pete bapa). Mshipi wa kuvulia ukijiviringisha kwenye shafti unakata sili, na maji yetu haya yamejaa mishipi.

Halafu mwaga oili, funga geji na pampu ya mkono kwenye tundu la chini, jaza upepo wa shinikizo la psi 10 hadi 15, paka povu la sabuni kila mahali. Sindano ikishuka, povu litakuonyesha: shafti ya propela, shafti ya gia, sili ya kros au washa za plagi. Zungusha shafti wakati unatazama, maana sili nyingine huvuja zikizunguka tu.

Ukiugawa mguu kutoa impela (kipanga cha mpira cha pampu ya maji ya kupoza), wekea alama pezi la zinki lililo juu ya propela kabla ya kulifungua, kwa sababu ndilo linalosawazisha usukani. Ndani ya shimo lake kuna bolti iliyojificha. Ukiisahau ukaanza kupenyeza bisibisi kwenye kiungo, kasha linapasuka na hapo kweli utanunua mguu. Nyumba ya impela ikiwa na michirizi ya mchanga, badilisha nayo.

Oili 80W-90 ya majini ijazwe kutokea chini mpaka itoke juu. Funga plagi ya juu kwanza.

Mlingotini
Mimi natetea autobodi, ila kwa sababu za huku Bagamoyo. Maji yakipwa boti zinakaa mchangani, mguu lazima uwe juu, na mpira uliokunjwa juani hivyo haudumu. Wewe boti yako inaelea. Uache mguu chini.

Kubadilisha si kazi ya wiki. Unaziba tundu kubwa la tezi kwa mbao na faiba, na mbao yenyewe inaweza kuwa imeoza: toboa kidogo kwa ndani, unga ukitoka mweusi na umelowa, tezi yote inafumuliwa. Seti ya 3.0 ina karibu kilo 290. Autobodi ya nguvu za farasi 115 ni kama 170, lakini uzito wake wote unaning'inia nyuma kabisa, kwa hiyo betri na tangi visogezwe mbele.

Kuna njia ya kati. Mguu wa Alpha kizazi cha pili, wa 1991 na kuendelea, unakaa kwenye tezi yako. Kagua uwiano wa gia tu (mashine inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa propela). Wa mashine kubwa ya V8 una karibu 1.5, wako ni karibu 2. Ukifunga wa V8, hiyo 3.0 haitafika mizunguko 4400 kwa dakika inayotakiwa.

Toten_19
Asanteni sana. Kasha la mguu lina unga mweupe wa kutu sehemu kadhaa, na rangi ya chini ya boti ina shaba. Bado linafaa?

FundiMguu
Kwaruza unga wote. Shimo lililoliwa na kutu likiwa la juujuu, safisha, piga praima ya alumini na rangi isiyo na shaba. Likiwa limeingia kwenye uso wa gasketi au kiti cha sili, kasha hilo limekwisha. Fuata ushauri wa Mlingotini wa kizazi cha pili. Rangi ya shaba ikomee milimita 38 kutoka kwenye chuma cha tezi. Zinki, yaani vipande vya kinga vinavyoliwa badala ya mguu, ziwe za zinki au alumini; magnesiamu ni ya maji yasiyo na chumvi. Na usizipake rangi.