Mrejesho: mchezo wa mazombi uliokuwa unakwama
Wandugu, aksanti sana. Nililalamika kwamba ule mchezo wa bure wa kupiga mazombi unakwama kila wakivamia wengi, na simu yangu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 tu inachemka. Kwenye mipangilio ya mchezo nimepunguza ubora wa picha hadi kiwango cha chini, na fremu (picha zinazopita kwenye skrini) ziwe 30 kwa sekunde, tena sichezi simu ikiwa kwenye chaji. Jana usiku hapa Katindo, Goma, nimepita mawimbi matatu ya mazombi mfululizo, nikibonyeza tu risasi inatoka! Yaya uliyesema niunganishe akaunti kabla ya kufuta data ya mchezo, Mungu akubariki: hatua zangu zilirudi. Ila bunduki niliyoipata nikicheza bila mega (bila intaneti) haikurudi, imeniuma kweli. Na lile zombi kubwa la mwisho bado linagandisha skrini kidogo.